Wembe na nywele za kipilipili: mwongozo wa kunyoa kwapa na kinena bila vipele

Kwa watu wengi wa mwambao, Alhamisi jioni ni jioni ya wembe. Ijumaa imebisha hodi, mtu ataoga, atavaa kanzu au baibui safi, na chini ya nguo hizo kwapa na kinena vimeshanyolewa hadi vinateleza. Jumamosi ndipo maumivu yanapoanza. Pale Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya wilayani Mkinga, ambako dereva wa lori hushinda kwenye kiti akisubiri karatasi zake zipite avuke kwenda Lunga Lunga upande wa Kenya, na mama lishe hushinda kando ya jiko la mkaa, jasho linaingia kwenye ngozi iliyochubuka, chupi inasugua, na vipele vinachomoza kimoja baada ya kingine. Ni vigumu, vinawasha, na vingine vina kichwa cheupe.

Basi dawa za nyumbani zinatolewa: spiriti, Dettol bila tone la maji, ndimu, maji ya chumvi, na kwa wenye roho ngumu, dodoki na sabuni ya kufulia. Zote zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba vipele ni uchafu na uchafu husuguliwa ukatoka. Dhana hiyo imeumiza ngozi nyingi kuliko wembe wenyewe. Vipele vingi vya kunyoa ni nywele za mtu mwenyewe zilizojipinda zikamchoma. Ukilishika hilo, utajua pia kwa nini kusugua kunazidisha tatizo na kwa nini wembe wa bei mbaya si lazima uwe bora.

Kinachotokea ndani ya ngozi

Unywele wa kipilipili hauchipui wima. Umejipinda tangu ukiwa ndani ya ngozi, na ukishatoka nje huendelea kujikunja. Wembe unapoukata kwa mshazari unauachia ncha kali. Ncha hiyo ina njia mbili za kukuletea balaa. Ya kwanza, unywele unatoka, unajikunja, kisha unaingia tena ngozini milimita moja au mbili kutoka pale ulipochomoza. Ya pili ni ya kificho zaidi: unywele uliokatwa chini kabisa ya usawa wa ngozi unapoanza kukua hutoboa ukuta wa kishimo chake kabla hata haujaona jua. Kwa vyovyote vile, mwili unaupokea kama mwiba. Sehemu inavimba, inawasha, pengine inatunga usaha hata kama hakuna kijidudu chochote.

Hapa ndipo nyembe za kisasa zinapoingia lawamani. Mwaka 1971 kampuni ya Gillette ilitoa wembe wa makali mawili yaliyofuatana, na tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakiongeza makali hadi matano na zaidi. Ukali wa kwanza huunyanyua unywele, unaofuata huukata, kisha kisiki kinarudi kuzama chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huko ndiko kunyoa safi kunakotangazwa. Kwa mwenye nywele za kipilipili, ndiyo ile njia ya pili iliyotajwa hapo juu, naye ameilipia.

Tatizo hili limechunguzwa zaidi kwenye ndevu. Makadirio yanayonukuliwa na madaktari wa ngozi yanasema kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa ndevu hulipata. Huko Marekani lilifika hadi mahakamani. Langston Bradley, mwanamume mweusi aliyekuwa akisambaza piza za Domino's katika mji wa Omaha, alifukuzwa kazi kwa kukataa kunyoa ndevu, kwa sababu ngozi yake haikuuvumilia wembe. Mwaka 1993 mahakama ya rufani iliona kwamba amri ya kila mfanyakazi kunyoa kidevu iliwabagua wanaume weusi. Kilichomsumbua Bradley kidevuni ndicho kinachomsumbua mtu wa Mkinga kinenani, ila kinenani pana joto, unyevu na msuguano zaidi, na hakuna wa kumwonesha.

Kwanza jua ulicho nacho

Si kila kipele cha kinenani ni cha wembe, na kwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni huonekana kama weusi uliokoza au zambarau. Chukua kioo cha mkono, simama penye mwanga, uangalie.

- *Mchubuko wa wembe.* Ngozi inawaka ndani ya dakika au saa chache baada ya kunyoa. Hakuna vichwa, ni ukali tu. Hupoa kwa siku mbili au tatu.
- *Vipele vya unywele.* Huja siku moja hadi tano baadaye. Ni vigumu, kimoja kimoja, na mara nyingi kijistari cheusi cha unywele kinaonekana ndani yake.
- *Maambukizi ya vishimo vya nywele.* Vipele vina usaha, vinauma kuliko kuwasha, na vinaongezeka kila siku. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi wamepata upenyo.
- *Fangasi.* Ni duara au nusu duara kwenye mkunjo wa paja, lenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati pamepoa. Kunyoa hakukulileta na kuacha kunyoa hakutaliondoa.
- *Kitu kingine kabisa.* Malengelenge madogo yanayouma yakiwa kwenye fungu, kidonda kimoja kisichouma, vinundu vyenye kishimo katikati, au masundosundo. Hivi ni vya mhudumu wa afya, na wembe uwekwe mbali, kwa sababu baadhi yake husambazwa na wembe huohuo kutoka sehemu moja ya ngozi hadi nyingine.

Kama vimeshaota: hatua sita

1. *Weka wembe chini.* Pumzika wiki nne, ikiwezekana sita. Hiki ndicho kipande kigumu na ndicho chenye dawa: unywele ulioingia ngozini ukiachwa ukafika urefu wa kama sentimita moja, hujivuta na kuchomoka wenyewe. Ukishindwa kuvumilia, punguza kwa mkasi usiofika ngozini.

2. *Kanda kwa maji ya vuguvugu.* Tumia kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa, dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku. Maji ya moto ya kuunguza hayaharakishi kitu.

3. *Nyanyua, usichimbe.* Ukiona unywele umejikunja juu ya ngozi na ncha yake imezama, chukua sindano mpya au kibano kilichofutwa kwa spiriti, pitisha chini ya mkunjo, inua ncha itoke, uiache hapohapo. Usiung'oe. Ukiung'oa, mwingine utaota kwa njia ileile. Kama huuoni, sindano irudi kabatini.

4. *Tuliza muwasho.* Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hupatikana kwenye maduka ya dawa. Paka utando mwembamba mara moja au mbili kwa siku, kwa muda usiozidi siku saba, kwenye ngozi ya nje tu. Ngozi ya kinena hufyonza dawa kwa wingi kuliko ya mkono, kwa hiyo kidogo kinatosha. Usiipake penye usaha wala penye dalili za fangasi.

5. *Vyenye usaha vioshwe.* Oga kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato, usugue kwa kiganja. Dawa ya kupaka yenye peroksidi ya benzoili, ile ya chunusi, inaweza kusaidia ikiwa ya nguvu ndogo ya asilimia 2.5, lakini haifai kwenye ngozi laini ya ndani. Ina tabia nyingine ambayo wauzaji husahau kuitaja: hufubaza nguo. Kanga yako usiivae juu yake.

6. *Acha hewa ipite.* Chupi ya pamba, nguo pana, usiku kanga au msuli peke yake. Suruali ya jinzi ya kubana juu ya kiti cha bodaboda ni kusugua kidonda kutwa nzima.

> ONYO: usikimbilie mkorogo
>
> Vipele vikipoa huacha madoa meusi, na madoa hayo yanawasumbua wengi kuliko vipele vyenyewe. Hufifia kwa miezi, si kwa siku. Wasio na subira hununua krimu za kung'arisha, au zile tyubu za "tatu kwa moja" zinazochanganya dawa ya bakteria, ya fangasi na steroidi kali. Kwa siku tatu utaona muujiza. Kwa wiki kadhaa ngozi ya kinena inakonda, inapasuka michirizi isiyofutika, na kama kulikuwa na fangasi, wanasambaa huku wamejificha.
>
> Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Krimu isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji usiipake, hata kama muuzaji anaapa imetoka ng'ambo ya mpaka.

Ukirudi kunyoa: usifike chini kabisa

Ushauri mkuu wa mwongozo huu ni huu, na ndio utakaopingwa: usitafute ngozi iteleze. Acha kisiki cha milimita moja hadi tatu. Unywele unaobaki juu ya ngozi hauna nafasi ya kutoboa ukuta wa kishimo chake, na ukiwa mfupi hivyo bado haujafika urefu wa kujikunja na kuingia tena.

Msomaji Mwislamu anaweza kuuliza kama kupunguza kunatosha. Katika hadithi zinazojulikana sana, kwapa hutajwa kwa kunyonyoa na kinena kwa kunyoa, na muda wa mwisho wa kuziacha ni siku arobaini. Imamu an-Nawawi, mwanazuoni wa karne ya 13, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim anasema kunyoa kinena ndiko bora, lakini inajuzu pia kukata kwa mkasi, kunyonyoa, au kutumia nura, ule udongo wa chokaa wa kuondolea nywele. Mwenye ngozi inayotunga usaha kila Jumamosi ana nafasi ya kutosha ndani ya maneno hayo, na mwalimu wa chuoni anaweza kumfafanulia zaidi. Siku arobaini nazo zinatosha kuipa ngozi mapumziko. Hakuna aliyeamrisha kila Alhamisi.

*Kwa mashine ya kunyolea.* Hii ndiyo njia salama zaidi kwa nywele za kipilipili.

1. Nunua mashine yako ndogo ya chaji, isiyopita kwenye kichwa cha mtu mwingine wala kwenye ndevu zako.
2. Nyoa ngozi na nywele vikiwa vikavu, kabla ya kuoga.
3. Vaa kichana cha plastiki. Kile ambacho vinyozi huita "namba moja" huacha kama milimita tatu. Bila kichana, meno ya mashine hung'ata ngozi legevu, hasa ya korodani na mashavu ya uke.
4. Pita mara moja, bila kukandamiza. Kisha oga.

*Kwa wembe, kama huna budi.*

1. Punguza kwanza kwa mkasi. Wembe haukuumbwa kufyeka msitu.
2. Oga maji ya vuguvugu, au weka kitambaa chenye maji hayo kwa dakika tano. Unywele uliolowa hukatika kwa urahisi na ncha yake haiwi kali sana.
3. Paka povu zito. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na sabuni haitoi povu humo hata ukisugua hadi adhana ya pili. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Kondishena ya nywele isiyo na harufu kali nayo inafaa badala ya povu.
4. Tumia wembe mpya wa ukali mmoja. Butu huvuta, na kinachovutwa hukatwa chini ya ngozi.
5. Fuata upande nywele zinakolala. Kinenani hubadilika: juu hulala kuelekea chini, pembeni huelekea katikati. Zipapase kwa kidole kabla ya kuanza. Kwapani zinaelekea huku na huku, basi nyoa kwa vipande vifupi.
6. Ishikilie ngozi isikunjamane, lakini usiivute ikakaza. Kuivuta ndiko kunakozamisha visiki.
7. Sehemu moja, pitio moja au mawili. Suuza wembe kila baada ya kupitisha.
8. Maliza kwa maji ya baridi, kausha kwa kugusagusa taulo, paka losheni nyepesi isiyo na manukato. Mafuta ya nazi ni matone mawili, si kiganja kizima. Yakizidi, yakichanganyika na jasho huziba vishimo.

Nyoa usiku, ngozi ipate saa kadhaa za kupoa kabla ya jua na jasho. Anayejiandaa kwa Ijumaa anyoe Jumatano. Sprei ya kwapa na manukato visubiri siku nzima.

Spiriti na Dettol kali ni za vifaa. Ngozi iliyonyolewa imejaa michubuko isiyoonekana, na dawa hizo huikausha na kuiunguza. Ndimu ina hila ya ziada: maji yake yakibaki kwenye ngozi ikapigwa na jua, huacha malengelenge na doa jeusi. Shabu, yaani lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo bibi wengi wa pwani huliweka kwa ajili ya kikwapa, na si ile dawa ya kulevya yenye jina hilohilo, huzuia damu ya mkato mdogo. Ilowanishe, gusa, suuza, na kila mtu awe na kipande chake.

Unga, nta na majivu

Unga na krimu za kuondolea nywele huyeyusha unywele badala ya kuukata, hivyo ncha inabaki butu. Wengi hupata nafuu. Lakini ule unga wenye harufu ya yai viza ulitengenezwa kwa ndevu na vichwa, na kinenani unaunguza. Chagua ulioandikwa kuwa unafaa kwa sehemu hiyo, jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, ngoja siku nzima, kisha tumia saa ya ukutani badala ya kukisia dakika. Usiupeleke kwenye ngozi laini ya ndani.

Kunyonyoa, iwe kwa nta, kwa shira ya sukari na ndimu, au kwa vidole vilivyopakwa majivu yasiteleze, huchelewesha nywele, ila zikikatikia ndani tatizo hurudi palepale. Leza ndiyo suluhisho la kudumu zaidi. Hupatikana kwenye kliniki za miji mikubwa, ni ghali, na kwa ngozi nyeusi ulizia mashine ya mawimbi ya nanomita 1064. Nyingine zinaweza kukuunguza.

Wembe wa nani?

Wembe usikopeshwe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye damu kavu usiyoiona. Chanjo yake iliingizwa kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata utotoni. Mke na mume nao kila mmoja awe na wake, jambo linaloleta ubishi nyumbani lakini wembe haujui ndoa.

Mashine ikibidi kutumiwa na zaidi ya mmoja, ondoa meno yake, yasugue kwa sabuni nywele zitoke, kisha yaloweke dakika kumi kwenye Jiki: sehemu moja ya Jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Suuza, kausha, tia mafuta, maana Jiki hula chuma. Kasha la mwanga wa buluu pale saluni halisafishi mashine iliyojaa nywele na damu ya mteja aliyepita.

> KWA MJAMZITO NA ANAYESUBIRI UPASUAJI
>
> Mama anapokaribia kujifungua, shangazi au somo humhimiza anyolewe asiwaaibishe mbele ya wakunga. Si lazima. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2018, linashauri kutonyoa kinena kama utaratibu kabla ya kujifungua. Kwa upasuaji, miongozo ya 2016 inasema nywele ziachwe, au zikibidi kuondolewa zipunguzwe kwa mashine. Wembe umekataliwa kabisa kwa sababu michubuko yake hufungulia vijidudu mlango. Mjamzito anayetaka kupunguza naye tumbo linamzuia kufika kinenani, ampe mtu mwingine mkasi.

Nenda kituo cha afya ukiona

☐ Homa, au mitoki iliyovimba na kuuma kinenani

☐ Wekundu, joto na uvimbe vinavyosambaa kila saa

☐ Jipu kubwa kuliko punje ya hindi, au kwenye mashavu ya uke au korodani

☐ Majipu yanayorudi kwapani na kinenani mwezi hadi mwezi na kuacha matundu na makovu. Huu ni ugonjwa wenye jina na tiba. Hausababishwi na uchafu wala kurogwa, na wengi huishi nao miaka kwa aibu

☐ Makovu yanayoendelea kukua na kuinuka

☐ Vipele vyovyote ukiwa na kisukari. Usingoje wiki, maambukizi ya kinena kwa mwenye sukari hukimbia haraka, na wembe haufai kwake kabisa

Zahanati ya karibu inaweza kuanza tiba ya maambukizi ya kawaida. Kutoka Horohoro hadi Tanga mjini ni kilomita 65 za lami, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo hupokea walioshindikana huko chini. Kwa magonjwa sugu ya ngozi, kituo cha kanda cha mafunzo ya tiba ya ngozi kipo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, tangu 1992. Ukifika popote pale, sema lini ulinyoa mara ya mwisho, kwa kifaa gani, na umeshapaka nini. Beba na tyubu yenyewe, hata kama imekwisha. Una haki ya kuomba uangaliwe na mhudumu wa jinsia yako au kuwa na mtu wa kukusindikiza chumbani. Na usinyoe kabla ya kwenda ili uonekane nadhifu, kwa sababu mhudumu anahitaji kuviona vipele kama vilivyo.